Mabwana Waliojua Mvua

Mwezi uliopita nilipita Garissa, nikaiona nyumba ya Bwana Shauri, kama tulivyomwita mkuu wa wilaya Mzungu. Haina paa, mbuzi wanalala sebuleni. Nilifurahi, rafiki yangu, sitakuficha.

Enzi za mkoloni baba yangu alikuwa mkalimani pale. Mimi, binti wa miaka tisa, nilimpelekea chai ya maziwa yenye iliki, nikamngoja barazani. Bwana Shauri alikuwa Mskoti. Rafiki yake, daktari wa mifugo, Mwingereza. Kazi yao kubwa alasiri ilikuwa kubishana mvua kubwa huitwaje makwao. Mskoti alisema ya ghafla ni "plump", na inayodunda chini kama mpira ni "stotting". Mwenzake akapiga meza: kwao ikimwagika hivyo ni "siling"! Wanaume wazima, soksi hadi magotini, katika nchi ya vumbi.

Siku moja ayeyo, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikuja mbio akihema. Mbuzi wake na wa majirani walikuwa karantini, wamezungushiwa miiba ndani ya lagha, ule mkondo mkavu. Daktari alipachagua kwa sababu pana kivuli.

"Mwanangu, mwambie awatoe leo," alisema. "Huko juu lagha inakoanzia kumenyesha mahiigaan." Ndivyo Wasomali tunavyoiita mvua nzito isiyobakiza kitu.

Baba akatafsiri. Mabwana wakatazama anga, wakacheka.

"Ambia mama," alisema Mskoti kwa Kiswahili chake, "mimi nazaliwa ndani ya mvua. Hapa hapana mvua."

Ayeyo hakubembeleza. Alishuka laghani, nami nyuma yake, tukang'oa miiba kwa mikono huku askari akitutukana. Tulikuwa tumetoa mbuzi saba maji yalipofika, mekundu, yakinguruma, wala hapakuwa na tone kutoka angani. Askari alikuwa wa kwanza kukimbia. Mbuzi waliobaki walikwenda wote, wakilia.

Kesho yake Mskoti alituita. Nilidhani ataomba radhi. Alikuwa na daftari.

"Ile neno ya mama, naandika namna gani?"

"Mwambie akaliokote mtoni," alisema ayeyo, "pamoja na mbuzi wangu."

Baba, Mungu amrehemu, akainamisha kichwa. "Anasema amesahau, bwana."

Wale mbuzi saba walikuwa wa majirani; ayeyo hakurudi tena malishoni. Aliishi nasi mjini, akiuza maziwa ya mifugo ya watu. Mpaka uzeeni alinusa upepo na kutaja mvua iliyo mwendo wa siku mbili. Sisi wajukuu hatukujifunza. Hatukuwa tena na cha kuhamisha.