Laptop Nyeusi na Kijitabu cha Baba

Sikuomba ushauri wa mtu nilipoenda kununua laptop, lakini baba mdogo alikuja nao. Ni ndugu mdogo wa baba yangu, mwenyekiti wa kila kamati ya mazishi katika ukoo wetu, na anaamini hakuna kitu kinachofaa kununuliwa Kisumu kabla yeye hajakikagua. Muuzaji naye akamgeukia yeye, akaniacha mimi mwenye pesa nimesimama kando. Wakakubaliana wao kwa wao: laptop nyembamba, rangi ya fedha, ile ambayo wageni wanaiona kabla ya kuona chai. Nikauliza kama inafunguka chini. Muuzaji akacheka, akasema hiyo haiongezewi kitu, kila kitu kimegandishwa ndani huko kiwandani. Nikawaambia basi wabaki nayo.

Nilichukua nyeusi, nene, iliyotumika ofisini ng'ambo, yenye alama ya gundi kwenye kifuniko pale palipokuwa na stika ya wenyewe. Kibodi yake inavumilia chai ikimwagika, bawaba zake ni za chuma, na betri unaichomoa mwenyewe. Baba mdogo akaiita tofali. Alirudia neno hilo katika kila kikao cha ukoo mpaka watoto wakalishika.

Kazi yangu ni kutengeneza vijitabu vya mazishi: picha ya marehemu jaladani, historia yake, wajane, watoto, ratiba na nyimbo. Nina chumba kimoja ukingoni mwa mtaa wa Nyalenda, na printa inayolalamika kuliko wafiwa. Mazishi mengi ni Jumamosi, kwa hivyo Alhamisi watu hujaa mlangoni na picha zao kwenye simu, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake aliyefiwa. Mwanzoni laptop ilikuwa inakwama nikifungua picha nyingi. Nikaipeleka kwa fundi aiongezee memori na kuiwekea diski mpya, nikamsimamia mpaka akakaza skrubu ya mwisho, maana siwaamini mafundi wa mjini hata kidogo. Baada ya hapo ilikuwa inawaka kabla sijaketi vizuri. Niliipenda, nasema bila aibu, na nikachukia kila mkono mwingine ulioigusa.

Na mikono ilikuwa mingi. Kwetu chombo cha kazi kikishajulikana, ukoo mzima unakihesabu kuwa chake. Binamu anataka kutazamia mpira, shangazi anataka kuandikiwa barua ya mtoto wake ya kuomba kazi, na wote wanakuja bila chaja wala shukrani. Aliyenikera zaidi ni baba mdogo. Msiba wa ukoo ukitokea alikuwa anakuja kuketi nyuma yangu, akielekeza kwa kidole kilichotoka kwenye samaki, na kidole chenyewe hakiishii hewani, kinagusa kioo. Toa huyu. Mlete huyu mbele. Nilikuwa napangusa kioo huku nimeuma meno.

Kisha baba yangu akafariki.

Baba alikuwa na wake wawili; wa kwanza tunamwita mama mkubwa. Mama yangu ni wa pili, na alitolewa ng'ombe wa mahari mbele ya watu. Nilipokuwa msichana mdogo aliondoka kwa baba, akaenda Muhoroni, akawa anawapikia madereva wa matrekta ya miwa, na hakurudi. Baba mdogo akanijia na flashi yenye historia ya marehemu iliyokwisha kuandikwa. Nikaifungua. Humo baba alikuwa mume wa mama mkubwa peke yake. Mimi nilikuwemo, kama mmoja wa watoto wa mama mkubwa. Walikuwa wamenipa mama mwingine bila hata kunitazama usoni, halafu wakataka nizipange kurasa hizo kwa mikono yangu. Nilitamani kumrushia hiyo flashi.

Nikamwambia baba mdogo kwamba mama yangu amesahaulika. Akasema hajasahaulika, alijitoa.

"Mahari yake ilirudishwa lini?" nikamuuliza.

Akakohoa. Anajua kuliko mimi kwamba ng'ombe wasiporudi, mwanamke anabaki mke wa boma lile hata akihamia wapi.

"Wewe andika vile iko," akasema. "Laptop ni yako. Maiti ni yetu."

Alipotoka nikamwandika mama yangu kwenye ukurasa wa wajane, chini ya mama mkubwa, na picha yake ya ujana, niliyoisafisha mpaka mikunjo ya karatasi ikaisha. Watoto nikawagawa kila mmoja katika nyumba yake. Nikachapisha vijitabu vyote wakati baba mdogo yuko mochari anafuatilia mwili, na nilikuwa na furaha ile chungu ya mtu anayelipiza kisasi.

Siku ya mazishi tulikuwa nyumbani, upande wa Pap Onditi. Mama alifika kutoka Muhoroni na mkoba mdogo, akaketi nyuma kabisa kati ya watu wa kanisa. Nikamtazama baba mdogo akifungua kijitabu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, hata maneno nilikuwa nimeyapanga. Alisoma ukurasa wa wajane, akausoma tena, akaenda kunong'ona na wazee. Muda si muda msimamizi wa ratiba akawaita wajane wote wawili, na wanawake wakamshika mama mikono wakampeleka kwenye kiti kando ya jeneza. Nikajipongeza. Nilidhani nimeshinda.

Baada ya kaburi kufukiwa, mama akachukua mkoba wake aende. Baba mdogo akasimama mbele yake, wazee wakiwa nyuma yake, akazungumza kwa adabu ambayo sijawahi kumsikia nayo. Akasema mjane haondoki bomani kabla matanga hayajaisha, na yakiisha ukoo utakaa kuamua ni ndugu gani wa marehemu atakayemrithi awe mkewe. Alikuwa ametaka kumwadhibu mama kwa kumfuta kijitabuni, kwa sababu alimwacha kaka yake, na mimi nilikuwa nimempatia adhabu bora kuliko ile yake. Nikafoka kwamba mama ana kwake na kazi yake. Akafungua kijitabu, akawaonyesha wazee picha.

"Imeandikwa na mtoto wake mwenyewe," akasema.

Wanawake wakachukua mkoba wakaupeleka ndani. Namchukia mzee yule mpaka leo, lakini siku ile hakuwa amesema neno la uongo.

Nilimkuta mama nyumbani kwa mama mkubwa, ameketishwa mkekani, viatu vyake vimeshaondolewa mlangoni. Sikuwahi kumuuliza kwa nini aliondoka. Nilikuwa nimejijibia mwenyewe kwamba alifukuzwa, na kwamba alichokosa ni mtu wa kumrudishia nafasi yake. Nikaanza kumweleza kuhusu flashi, na jinsi walivyomfuta. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho yake yakiwa chini.

"Hapa nilikuwa nimetoka," akasema polepole. "Walikuwa wamekubali kuniacha niende. Mashine yote hiyo, nyathina, mwanangu, na ukashindwa kunipigia simu uniulize."