Droni ya Pili na Ng'ombe Watano wa Dada Yangu

Droni yangu ya kwanza ilienea kiganjani. Niliinunua Garsen, kwenye duka la simu, kwa mtu ambaye mwenyewe hakujua kuirusha. Alikuwa ameiweka kabatini pamoja na redio na tochi. Nilipomuuliza ni ya kazi gani, akasema ni ya watoto na ya harusi. Nikamwambia mimi si mtoto na siozi mtu mwaka huu, aitoe niione.

Niseme mapema kwamba nilisoma hadi darasa la tatu tu. Baba alinitoa shule kwa sababu ndama walikuwa wengi na wachungaji wachache, wala sikulia. Nilichonacho nimekipata kwa miguu yangu: ng'ombe, nyumba ya mabati, na binti niliyemsomesha mpaka akawa mwalimu Hola. Kwa hiyo mtu akinicheka kwa kushika mashine za vijana, namwacha acheke.

Miguu yenyewe ndiyo ilinipeleka kwenye lile duka. Ujanani nilikuwa mtu wa kutumwa kutafuta malisho. Kwetu Waorma kundi halihami kwa kukisia. Kiangazi kikikaza, watu wawili watatu wanatangulia kwa miguu, siku tatu, siku nne, wanaangalia nyasi na maji, kisha wanarudi mbele ya wazee. Harudi mtu mikono mitupu. Unarudi na nyasi umezifunga kwenye pindo la shuka, na wazee wanazitafuna mmoja baada ya mwingine, bila kusema neno, mpaka wote wamalize. Nimeleta nyasi nyingi maishani mwangu na sikumbuki siku walipozitema. Halafu magoti yakaisha. Wanaotumwa siku hizi wanapanda bodaboda, wanatazama kandokando ya barabara, wanarudi kabla chai haijapoa. Nikafikiri, kama miguu imekataa, basi macho yaende peke yake.

Ile droni ndogo ilikuwa na betri moja. Nilikuwa napakiwa kwenye pikipiki na paneli ndogo ya sola mapajani, nafika mahali, natandika paneli chini, nangoja. Betri ilijaa saa sita mchana. Nikichelewa zaidi ya hapo upepo wa bahari unaamka, na ule upepo ulikuwa unaichukua droni kama karatasi ya sukari. Basi nilikuwa narusha saa sita juu ya alama, kwa muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai, halafu inashuka yenyewe imechoka.

Ndivyo nilivyoliona lile bonde. Liko magharibi, siku mbili kwa mwendo wa ng'ombe, limezungukwa na vichaka ambavyo pikipiki haipiti na goti langu halipiti. Juu ya kioo cha simu lilikuwa kijani kitupu, limenyooka kama mkeka. Nikarudi kwa wazee. Wakaniuliza nyasi ziko wapi. Nikawaambia ziko kwenye simu, watazame. Nilisema hivyo kwa kiburi, sifichi.

Wengi walikataa. Waliokubali walikuwa watu wa nyumba saba, na wa kwanza alikuwa dada yangu mdogo. Ni mjane, boma lake limepakana na langu, na wakati huo alikuwa na ng'ombe tisa. Alikubali kwa sababu tangu utotoni mimi ndiye niliyekuwa nikileta nyasi.

Tulipofika tulikuta mathenge. Asiyeujua mti huu aje kwetu auone. Uliletwa zamani ati uzuie jangwa, nao ukazuia kila kitu. Miiba yake inatoboa kwato na tairi, maganda yake yanaozesha meno ya mbuzi, na chini yake hakuoti kitu. Kwa juu ni kijani. Kwa chini ni vumbi. Ng'ombe walisimama mbele ya ule ukuta wa miiba wakitutazama sisi, na sisi tukawa hatuna pa kutazama.

Tulirudi. Dada yangu alipoteza ng'ombe wanne njiani, mmoja akiwa na mimba. Hakunisema. Wengine walinisema vya kutosha. Mzee anayeongoza mambo ya malisho, ambaye tuliingia jando pamoja na hajawahi kunionea haya, aliniambia mbele ya watu, "Siku nyingine ukituma jicho, tuma na mdomo ukaonje." Wakacheka. Kisha wakakata shauri kwamba kwenye mambo ya kuhama sitasema tena. Jina likanishika: mchungaji wa mathenge. Mpaka mke wangu nilimsikia akilitumia.

Lakini jina halikuninyima usingizi. Kiangazi kilikuwa hakijaisha, na dada alibaki na ng'ombe watano. Hao wakifa, shemeji zake wangekuja kumchukua akakae bomani kwao, ale kwa mkono wa watu mpaka afe. Yeye mwenyewe alinieleza hivyo akikamua, bila kuniangalia. Mimi ndiye niliyemfikisha hapo. Kwa hiyo mimi ndiye ningemtoa.

Binti yangu alipokuja likizo nilimkalisha tukatazama zile picha za bonde, moja moja, siku nzima. Nilikuwa nataka kujua nilidanganywa wapi. Jioni nikaona. Picha zote hazikuwa na kivuli. Saa sita mchana kivuli cha mti kimejificha chini ya mti wenyewe, na mti na majani ya chini vinakuwa rangi moja. Kesho yake betri ikajaa saa sita kama kawaida, lakini sikuirusha. Niliilaza mpaka jua lilipochomoza siku ya tatu, nikaipandisha juu ya mathenge yaliyo nyuma ya josho la ng'ombe. Kila mti ulikuwa na kivuli kirefu kama mtu aliyelala. Pembeni palikuwa na kipande cha nyasi kavu, na hapo hapakuwa na kivuli hata kimoja. Nikamwambia binti yangu nimepata. Akauliza nimepata nini. Nikasema, nimepata kosa langu: nahitaji mashine inayoamka asubuhi.

Nilihitaji droni yenye betri za akiba, inayokwenda mbali, inayosimama kwenye upepo na kuona kitu cha chini kama mtu amekichutamia. Niliuza madume mawili. Mke wangu alikaa mlangoni akawatazama wakipandishwa kwenye lori, akasema, "Madume mawili kwa nzi mmoja. Haya, tutamkamua huyo nzi." Alikuwa na haki ya kusema, na mimi nilikuwa na haki ya kuuza.

Binti akanieleza kwamba kwa mashine kubwa serikali inataka kibali, na kibali kinataka mafunzo. Nikaenda Mombasa. Darasani nilikuwa mzee kuliko mwalimu, na waliobaki walikuwa vijana wa kupiga picha za harusi na za hoteli. Mwalimu alituuliza mmoja mmoja tunataka kupiga picha za nini. Nikasema nyasi. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akadhani hakusikia, akauliza tena, nikarudia. Mtihani niliomba nisomewe kwa Kiswahili. Mara ya kwanza nilianguka. Sikurudi nyumbani, nililala kwa jamaa anayeuza maziwa, nikawa namsumbua kila mtu anisomee kile kitabu, hata wateja wake. Mara ya pili nikapita.

Droni mpya ukiikunja ni kama tofali, ukiikunjua ni kama sinia la wali. Betri tatu, zote nazijaza siku moja kabla. Na siku ya kwanza nilidhani nimeuziwa mbovu, maana ilikuwa inayumbayumba kama mlevi. Kumbe mlevi ni mimi. Ile ndogo ilinizoeza kupigana na upepo, kidole hakitulii, unairudisha huku, unairudisha kule. Hii inasimama yenyewe. Upepo imeshaushinda, na mimi bado nakisukuma kijiti cha kuiongozea. Ilinichukua wiki tatu, kila siku baada ya swala ya alfajiri, kwenye uwanja wa mpira, kujifunza kutofanya kitu. Hakuna kazi ngumu kama hiyo kwa mtu aliyezoea kuhangaika.

Kisha nikaanza kutafuta. Safari hii nilielekea mtoni, nikaufuata kushuka chini, upande wa Kipini. Nikipita kwenye mashamba ya Kulesa mzee mmoja Mpokomo alinisimamisha akiwa na panga mkononi, akataka kujua kwa nini ninachungulia mahindi yake. Nikaketi naye, nikairusha, nikamwonyesha shamba lake kutoka juu. Alitazama muda mrefu. Akaona njia ambayo kiboko amekuwa akiingilia, akanionyesha kwa kidole, akatukana. Mimi niliona jambo jingine: malka, ile njia ya ng'ombe ya kushukia mtoni katikati ya mashamba, ilikuwa wazi mpaka majini. Nikamwomba, tukija tupite. Akasema tupite, lakini mchana, na fimbo ziwe kwa ng'ombe.

Asubuhi ya tano, ng'ambo ya ziwa lililokauka, nikaona. Jua lilikuwa bado liko chini. Palikuwa na kijani kisicho na kivuli, upana wake sikuumaliza kwa betri moja, na upepo mdogo ulipopita, kile kijani kikalala upande mmoja kisha kikainuka. Mathenge hayafanyi hivyo. Nilipiga kelele peke yangu, na droni ikabaki imetulia tu, haina habari.

Wazee sikuwaendea. Walishaninyamazisha, na mimi si wa kubembeleza. Nilikwenda kwa dada.

Nilimkuta akimnywesha ng'ombe uji wa pumba kwa sufuria, mmoja wa wale watano, kwa sababu alikuwa ameshindwa kuinuka mwenyewe asubuhi. Nikamwonyesha simu. Nikamweleza habari ya kivuli, ya jua, ya upepo. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza nyasi za kutafuna.

"Wanyama wako wapi?" akasema.

Nikamuuliza wanyama gani.

"Kaka, nyasi zote hizo, na hakuna hata swala. Mwenye akili amepaona kabla yako akapakimbia. Kuna nini pale?"

Nilirudi kwenye pikipiki nikiwa na hasira, nusu kwake yeye, nusu kwangu mwenyewe. Miaka yote niliyotafuta malisho kwa miguu, kitu cha kwanza nilichokuwa nikikitazama ni kinyesi cha mnyama. Nimepewa mbawa nikakisahau. Huenda pana mbung'o pale, huenda maji yake ni chumvi. Ng'ombe wasioweza kuinuka huwapeleki siku mbili kwenda kujaribu.

Nililala kijiji cha karibu na lile ziwa, nikarusha na jua la kwanza. Betri ya kwanza, hakuna. Ya pili niliipeleka mbali kuliko siku zote, mpaka nikaiona nukta tu kwenye ramani, nikaishusha polepole kwenye ukingo wa maji ambayo kwanza nilidhani ni matope. Nyamera, wale swala wakubwa. Zaidi ya ishirini, wametawanyika wanakula, vichwa chini. Sikuwasogelea wasije wakakimbia. Niliiacha isimame, nikavuta kamera karibu, nikarekodi mpaka mashine ikaanza kulia kwamba irudi. Ilirudi na betri kidogo sana.

Dada alitazama ile video amechuchumaa, kitambaa cha kichwa amekivuta kuzuia mwanga. Akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha. Tena.

"Yule mdogo ananyonya?"

"Ananyonya."

"Nivutie mama yake."

Nikamvutia kwa vidole viwili mpaka ubavu ukajaa kioo. Aliutazama kama anavyotazama ng'ombe sokoni. Mbavu hazikuhesabika.

"Kesho tunatoka," akasema, akaenda kufunga vibuyu.

Tulitoka na ng'ombe wake na wangu, nyumba mbili tu. Yule mzee wa malisho alisimama njiani na fimbo mabegani, akauliza safari hii ni mathenge ya wapi. Dada ndiye aliyemjibu, kwamba atuombee dua, kisha akapumzike. Malka tulipita mchana, wakanywa. Ng'ombe yule dhaifu alianguka mara tatu. Tulimwinua kwa shuka tulizozisokota tukazipitisha chini ya tumbo, watu wanne, na mara ya tatu dada alimshika mkia akamsemesha maneno ambayo sitayaandika. Akainuka.

Siku ya pili alasiri ng'ombe walinusa nyasi kabla hatujaziona. Wale wangu walikimbia. Wale watano hawakuwa na nguvu za kukimbia, walitembea tu, na walipofika kwenye nyasi za kwanza walisimama hapo hapo, ukingoni, wala hawakuingia ndani. Wakala. Dada alihesabu mpaka tano kwa sauti, kisha akakaa chini.

Baada ya wiki moja zikaja nyumba nyingine, na yule mzee akaja nyuma yao. Hakuomba radhi, na mimi sikuitaka. Alikaa karibu na moto wangu akanywa chai mbili, kisha akasema nimweleze tena lile jambo la jua la asubuhi, polepole, maana watu wanalisimulia vibaya. Nilikuwa nimeanza tu dada akaja na kibuyu mkononi, akasimama juu yetu.

"Maneno baadaye," akasema. "Ng'ombe wameongezeka na maji ni yaleyale. Rusha hicho kitu chako, nataka kujua ukingo wa maji umerudi nyuma kiasi gani tangu juzi."

Nikaweka betri. Yule mzee akasogea upande wangu ili naye akione kioo.