Nilivyobishana na Gamubuti kuhusu Kodi ya Bima

Nilikasirika siku ya Alhamisi kabla ya chai ya saa nne, na ninavyoandika haya bado sijamaliza.

Mimi nafanya kazi katika kampuni ya mbegu hapa Kitale. Napakia mahindi ya mbegu, yale yaliyopakwa dawa ya rangi ya waridi ili mtu asiyapeleke kusagwa posho mill. Kampuni inatupa bima ya matibabu: mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka minne. Mume wangu anachomelea mageti mtaani kwetu Tuwan. Bima yake, ukiniondoa mimi, ni kumwomba Mungu cheche zisimwingie machoni. Kwa hivyo kwetu mwenye bima ni mimi, na sioni haya kusema hivyo.

Basi Alhamisi hiyo mtu wa HR akatuita nje ya stoo. Ni kijana msafi, shati halina hata vumbi, na sisi wote tuna mikono ya waridi.

"Kuna pendekezo la serikali," akasema. "Bima mnayopewa na kampuni ni faida. Faida ni kama mshahara. Pendekezo likipita, itakatwa kodi."

Akatabasamu kama mtu aliyetuletea soda. Akaendelea kwamba kampuni inataka kujipanga mapema, kwa hivyo Jumatatu kila mtu aseme kama anabaki na bima nzima, ama anapunguza watu wake.

Nikainua mkono. Sikungoja kuitwa.

"Faida gani? Mwaka jana mtoto wangu aliwekewa mashine ya kumsaidia kupumua. Hiyo ndiyo faida niliyokula? Mnataka nikate kipande cha hiyo mashine nilete ofisini?"

Wenzangu wakacheka. Yeye akasema, "Mama, tulia, ni pendekezo tu."

"Sijatulia," nikamwambia, na kweli sikutulia. Mchana huo nilifunga pakiti kwa hasira hadi msimamizi akaniuliza hayo mahindi yamenikosea nini.

Jioni mume wangu alinisikiliza, akakuna kidevu, akasema, "Si tumtoe mtoto kwa bima? Kifua chake siku hizi kiko sawa. Tangu mvua iishe hajakohoa."

Mtoto alikuwa ameenda kwa babu na nyanya yake, upande ule wa Chwele, kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa. Na mimi, pamoja na kelele zangu zote, nilikuwa nimeanza kukubali. Mshahara wangu hauna mahali pa kukatwa tena. Ni kama kuku aliyeshanyonyolewa, halafu mtu anakuja kuuliza manyoya yako wapi.

Jumamosi asubuhi mama mkwe akapiga simu. Huwa anaongea na simu kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Mtoto anapumua kama jogoo aliyekabwa! Tumefika naye hospitali hapa Bungoma! Njoo na hicho kidole chako!"

Kumbe walikuwa wanakoboa mahindi, na mtoto akakaa karibu na mashine, eti anahesabu magunzi. Vumbi lote likamwingia. Hospitalini walianza kumtibu, lakini ili bima ifanye kazi walitaka alama ya kidole cha mwenye bima. Mtu ni mimi, bima ni yangu, kidole kiko Kitale. Nikatoka bila hata kubadilisha viatu.

Sasa kuna jambo moja la kwetu lazima nilieleze, la sivyo utadhani sisi ni wagonjwa wa akili. Kwetu mke wa kijana na baba mkwe hawakaribiani. Hatusalimiani kwa mkono. Hatukai benchi moja. Hatutazamani usoni. Akitaka kunipa kitu, hakitoki mkononi mwake kikaingia mkononi mwangu. Hatujagombana. Ni heshima. Tangu niolewe, nimeijua kofia ya huyo mzee kuliko ninavyoujua uso wake.

Yule kijana wa mapokezi hakuwa wa kwetu na hakujua lolote. Nilipofika tu akafurahi.

"Mama mwenye bima? Vizuri. Na mzee ndiye aliyeleta mtoto? Mzee, sogea hapa, simama karibu na binti yako niwapige picha ya bima pamoja."

Baba mkwe akarudi nyuma. Akarudi nyuma tena, hadi akaugonga mtungi wa maji ya kunywa, vikombe vyote vikaanguka. Mimi nilikuwa nimeshajifunika leso kichwani kama bibi harusi.

"Huyu si binti yake!" mama mkwe akapaza sauti. "Ni mke wa kijana!"

"Si ni hiyo hiyo tu, mama?"

"Hiyo hiyo?" Foleni nzima ikashtuka. Mama mmoja aliyekuja na meno yake mabovu akasahau maumivu akasema, "Huyu kijana atalaaniwa bana."

Ikabidi mzee apigwe picha peke yake, atoke hadi mlangoni, ndipo mimi niingie.

Kisha ikaja shida ya kidole. Nikakiweka kwenye kale kamashine, kakakataa. Nikakiweka tena. Kakakataa.

"Mama, hiki kidole kimepakwa nini?"

"Dawa ya mbegu."

"Kioshe."

Nikakiosha, nikakisugua kwa ukuta. Wapi. Huko ndani nilikuwa namsikia mtoto akikohoa, na mimi hapa nakataliwa na mashine kwamba mimi si mimi. Ndipo nikasikia mtu amekohoa nyuma yangu. Mzee alikuwa ametoka moja kwa moja kukamua, bado amevaa gamubuti, zile buti za mpira, na mfukoni mwa koti alikuwa na kopo lake la mafuta ya kukamulia. Akaliweka sakafuni katikati ya chumba, akarudi ukutani. Nikaenda nikiangalia pembeni, nikaliokota, nikajipaka, nikalirudisha pale pale, nikaondoka. Akaja akalichukua. Askari wa mlangoni alituangalia kama watu wanaouziana bangi.

Kidole kikakubali. Kilikuwa laini kama chuchu ya ng'ombe.

Wakaniruhusu kuingia. Mtoto alikuwa kitandani na kinyago cha mvuke usoni, macho yamemtoka, lakini alikuwa anapumua. Nikakaa upande mmoja, mama mkwe upande mwingine. Mzee akaketi nje ya pazia. Pazia lilikuwa fupi, kwa hivyo nilichokiona kwake ni gamubuti tu, mbili, zenye matope.

"Mwambie mama wa mtoto pole," zikasema gamubuti.

"Baba anasema pole," akasema mama mkwe, kana kwamba nilikuwa nyumba ya tatu.

"Mwambie baba ahsante kwa mafuta."

Ningenyamaza hapo, siku ingeisha vizuri. Lakini nilikuwa na hasira ya tangu Alhamisi. Nikasema, "Na Jumatatu wanataka kunikata kodi kwa sababu ya hiki kinyago."

Gamubuti moja ikapanda juu ya nyingine.

"Mwambie hiyo ni sawa."

Mama mkwe akanigeukia kwa upole. "Baba anasema Mungu atasaidia."

"Mama, si nimemsikia! Amesema ni sawa!"

"Basi kama umesikia mimi natumwa kwa nini?"

"Muulize ni sawa namna gani?"

Mzee akajibu kabla hajaulizwa. "Mwambie nilipopasuliwa tumbo niliuza ng'ombe pale Chwele. Sokoni nikatozwa ushuru, ndiyo nikaruhusiwa kumuuza, ndiyo nikatibiwa. Mimi nilitoa ushuru kwanza, nikatibiwa baadaye. Sasa yeye kampuni inamlipia yote na hataki kuguswa. Kwani tumbo lake limetoka mbinguni?"

"Baba anasema habari ya ng'ombe," akatafsiri mama mkwe.

Hilo la ng'ombe liliniudhi vibaya, na liliniudhi kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Jirani yangu Tuwan anauza nyanya, hana mwajiri, akiumwa anatoa kwa kile kile kilichobaki baada ya kila mtu kumkata. Hakuna anayemwita kwenye mkutano kumwambia ana faida. Lakini sikuwa tayari kushindwa na gamubuti.

"Mwambie ng'ombe alikuwa wake! Angeweza kumla, kumuuza, kumtolea mahari. Mimi hii bima nitaiuza Chwele? Nitaifunga kamba niiburute sokoni? Mwaka ambao hakuna aliyeumwa nimekula nini mimi?"

"Mwambie amekula usingizi. Mimi silali. Mvua ikinyesha usiku na mtoto akakohoa, mimi nahesabu ng'ombe waliobaki."

"Mwambie na ile kodi wanayonikata tayari ni ya nini kama si hospitali?"

"Mwambie hata mimi nauliza!"

"Tuseme pamoja basi!"

"Tuseme!"

Muuguzi akaingia. "Nani anapigana hapa?"

"Hakuna anayepigana," akasema mama mkwe. "Wanakubaliana. Na wewe mwanangu, hii bima ya huyu msichana, haiwezi kunitoa jino moja tu? Liko hapa nyuma."

"Kuka," mtoto akamwita babu yake kutoka ndani ya kinyago, sauti imejaa mvuke, "viatu vyako viko na mavi."

Muuguzi akaangalia chini, na mzee akafukuzwa hadi mlangoni akafute gamubuti zake. Nikafurahi kidogo. Sitaficha.

Daktari alikuja akiwa na haraka. Akasikiliza kifua, akasema mtoto awe na dawa ya kuvuta kila siku, hata siku anazoonekana mzima, asiiache, na arudi kuangaliwa mara kwa mara. "Kifua cha namna hii hutulia, kisha kinawashtua. Bima yake iko sawa, sivyo?"

Nikaanza kukisugua kidole changu cha waridi. Daktari akaenda zake. Mama mkwe akaanza kumpangusa mtoto mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Gamubuti zilikuwa zimerudi chini ya pazia, safi.

"Mwambie asimtoe."

"Nani amesema namtoa?" nikauliza.

"Kijana wangu aliniambia jana kwa simu. Mwambie asithubutu."

Hapo nikasahau mama mkwe yupo. "Baba, si ni wewe umesema nikatwe kodi?"

"Nimesema akatwe. Sijasema mtoto atoke. Hayo ni mambo mawili."

"Na nikikatwa tutakula nini?"

Gamubuti zikacheka. Sijui nieleze vipi, lakini zilitikisika. "Mwambie mahindi yako kwangu. Nitawatumia gunia, lililopepetwa, lisilo na vumbi. Unga haitoki kwa kampuni."

"Hiyo nayo ni faida," nikasema. "Watakuja kuitoza."

"Waje. Waje na mzani wao. Tutawakobolea mahindi wakae karibu na mashine."

Mama mkwe alicheka hadi akashika shavu la upande wa lile jino.

Jumatatu mtu wa HR alikuja na wazo lake jipya. Akasema hatutaandika chochote, tupange mistari miwili uwanjani: wanaobaki na bima nzima upande wa stoo, wanaopunguza watu upande wa geti. Mstari wa geti ulikuwa mrefu. Rafiki yangu wa mashine ya kushonea magunia alikuwa huko na watoto watatu wa kuondoa, hakutaka kuniangalia.

Mimi nikaenda upande wa stoo, nikasimama wa kwanza, mikono kiunoni. Ninabaki na mtoto wangu kwenye bima hata wakinikata hadi kucha.

Kisha nikasikia harufu ya manukato nyuma yangu. Alikuwa meneja mwenyewe. Bima yake, kila mtu anajua, ina miwani, ina meno, ina hata kutibiwa ng'ambo, na inamlinda mke wake na watoto wote hadi yule aliyemaliza chuo.

"Habari ya asubuhi, mama," akasema kwa adabu.

"Nzuri, bosi. Lakini umesimama vibaya."

"Kwa nini? Si mimi pia nabaki?"

"Ndiyo. Pita mbele." Nikatoka mstarini nikamwonyesha nafasi yangu. "Kama ni kukatwa, waanze na bima iliyonona. Wakifika kwangu mkono uwe umewachoka."

Mstari wa geti ukaanza kupiga makofi. Mtu wa HR akaangalia angani kama anatafuta mvua. Meneja akarekebisha miwani yake ya bima, akasita, akapita mbele. Mimi nikasimama nyuma yake. Rafiki yangu akatoka upande wa geti, akaja akasimama nyuma yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina uhakika.

"Sina," nikamwambia. "Simama tu."