"Ossu" kwa Mzee wa Mvi

"Mapokezi Rasmi ya Mtaalamu Mgeni kutoka Japani" lilikuwa jina la shughuli ya kumpa mtu mmoja chai na sambusa. Ilifanyika katika ofisi moja ya Usagara, nami nilikuwamo, nikisubiri mhuri. Mkalimani alikuwa karani kijana wa masijala, aliyejifunza Kijapani kwenye katuni. Akifaulu, angepewa ajira ya kudumu.

Mgeni akaingia, mzee wa mvi tupu. Karani akainua kiganja: "Ossu!"

Mzee akaganda mlangoni, mkoba kifuani.

"Ndiyo shikamoo yao hiyo?" mkuu wa ofisi akanong'ona.

"Hapana, bosi. Ni kama 'mambo'. Vijana wao wanaitumia sana."

"Umemwambia baba mzima 'mambo', mbele yangu?"

"Nilitaka ajisikie yuko kwao."

"Kwani kwao hakuna adabu?"

Hapo mgeni, ambaye bila shaka alifundishwa kwamba huku heshima ni kwa kila mtu, akamwinamia karani, akatamka polepole: "Shikamoo."

Karani, kwa kuchanganyikiwa, akaitikia: "Marahaba."

Ile "ossu" ingesameheka, maana Kijapani hatukijui. Hii ya pili tuliielewa wote. Karani alirudishwa masijala, na ajira hakuipata.