Mdogo Wangu Fundi Saa na Samaki wa Mpunga

Mdogo wangu alikuwa fundi saa kwa miaka arobaini na mmoja, kwenye kibanda ambacho hata miguu hunyooshi. Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini kwa hili sihitaji darasa: mtaa mzima hapakuwa na wa kumfikia. Ukimpelekea saa iliyogoma, kwanza anaiweka sikioni, anafumba macho, anasikiliza, ndipo anaifungua. "Inachechemea," anakwambia, kama daktari wa ng'ombe.

Kisha mtoto wa jicho akamwingia macho yote mawili, akabaki anaona mwanga na vivuli. Kibanda kikafungwa. Akahamia kwangu na vitu viwili: kile kioo kidogo cha kubana jichoni, cha kuonea vyuma vya ndani ya saa, na tangi la samaki.

Samaki wenyewe, nicheke nisicheke. Wanaitwa samaki wa mpunga kwa kuwa kwao ni kwenye maji ya mashamba ya mpunga. Urefu wao ni kama kiungo cha kidole. Hawagombani, hawafukuzani, wapole kama wageni siku ya kwanza. Nikamwambia hata wakikaangwa wote hawajazi kijiko. Akasema, "Dada, wewe unachojua kutazama ni chakula tu." Na kweli, nilikuwa natafuna.

Asubuhi jike huzunguka na mayai yananing'inia tumboni kama shada, kisha huyabandika kwenye majani. Mdogo wangu aliwafungia kishungi cha nyuzi za sweta kuukuu. Mayai yakinasa hapo, anakihamishia kwenye bilauri ya maji dirishani, maana wakubwa hula mayai yao wenyewe. Yote hayo kwa kupapasa.

Mlangoni aliweka ndoo ya maji, yalale siku mbili harufu ya dawa iishe, ndipo ayatie tangini. Sasa mimi nimelelewa na mama ambaye maji yaliyolala kwenye chombo aliyamwaga kabla hajanawa uso. Siku moja mdogo wangu kaenda kunyolewa, nikayachukua nikapigia deki. Tangi nikaliona lina ukijani. Nikalisugua mpaka likang'aa, nikalijaza maji mapya ya bomba, yananuka dawa, nikawarudisha samaki, nikajisifu.

Aliporudi wote walikuwa wanaelea ubavu. Alitia kidole majini, akakinusa. Angenigombeza ningejitetea, na kwa kujitetea nipe hata siku nzima.

Tukabaki na bilauri ya dirishani, ambayo sikuwa nimeigusa. Yai lililokufa huota ukungu mweupe, lililo hai hubaki angavu. Lakini yeye angejuaje? Siku mbili alikaa karibu nayo, mikono mapajani. Ya tatu asubuhi akanisogezea kile kioo juu ya meza.

"Niangalizie, dada. Kama yamekufa, sema yamekufa."

Nikakibana jichoni. Mwanzo niliona kope zangu tu. Halafu nikaona pamba: yai la kwanza ukungu, la pili ukungu, la tatu ukungu. Kila nikisema, anaitikia kwa kichwa. Nikafika kwenye moja lililokuwa kama tone la mvua.

Humo ndani mlikuwa na mtu. Sijui nisemeje vingine. Macho mawili meusi yenye pete ya dhahabu, mgongo umejikunja, na chini ya kidevu kitu chekundu, kidogo kama ncha ya sindano, kinafumba kinafumbua. Damu inapita chembe moja moja kwenye mshipa mwembamba kuliko uzi wa buibui. Mimi nimezaa watoto sita, wote nimewabeba gizani, najua mateke yao tu. Kumbe ndiyo hivi. Kumbe wakati mimi nafua na kununa, mambo ya namna hii yalikuwa yanafanyika ndani yangu.

"Dada? Nalo limekufa?"

Nikaanza kugonga meza kwa kidole, vile vile moyo ule ulivyokuwa unapiga, haraka haraka, bila kuongeza wala kupunguza. Akainama, akalaza sikio juu ya meza, akafumba macho kama zamani kibandani.

"Hauchechemei," akasema. "Na huo, dada, hakuna aliyeutia ufunguo."

Tulikaa hivyo, mimi nagonga, yeye anasikiliza, mpaka sufuria ikaungua jikoni na hakuna aliyeinuka.

Siku nne baadaye yai lilikuwa tupu. Nilihangaika sana kabla sijamwona, pale juu kabisa ya maji: kama ukope uliodondoka, ila ukope wenye macho. Nikamwambia mdogo wangu yuko, na anaogelea. Akauliza huyo tutamtilia maji gani.

"Ya ndoo," nikasema. "Nimeyaweka juzi. Na mtu asiyaguse."

"Najua," akasema. "Nimeyanusa."