Mbwa Asiyependa Kuitwa

Maji ya ziwa yalipopanda na kuingia katika nyumba za chini, hapa kwetu Kalemie, watu walihama na vitu walivyoweza kubeba. Mbwa wengi walibaki. Daktari wa mifugo, ambaye nilikuwa nikimsaidia kuchanja, aliwakusanya saba katika parseli yake, ule uwanja uliozungushiwa ukuta nyuma ya depo ya dawa. Kazi ya kuwatafutia watu wa kuwachukua akaniachia mimi.

Sita walipata kwao upesi. Wa saba alikuwa jike wa rangi ya majivu, sikio moja limechanika. Mtu akiingia, yeye anajipenyeza chini ya rundo la mbao. Ukimwita, ndiyo kwanza anajikunja. Nilimwona mjinga, mpaka asubuhi moja nikamchungulia kupitia dirisha la depo. Akiamini yuko peke yake, aliinua komeo la banda kwa pua, akatoka, akanywa maji kwenye ndoo, akarudi ndani na kuvuta mlango kwa mguu hadi ukafunga. Tangu siku hiyo moyo wangu ukawa kwake.

Wa kwanza kumchukua alikuwa papa mmoja, mzee anayeuza simenti karibu na bandari. Alitaka mlinzi. Siku ya nne alimrudisha kwa pikipiki, ndani ya gunia.

"Mama, mbwa yako haibweke," aliniambia. "Muizi akiingia atamupatia kiti?"

Kosa la pili lilikuwa langu. Nilimpeleka kwa jirani ninayeimba naye kanisani, mama wa watoto wanane, watu wema kabisa. Nilifikiri upendo mwingi ungemponya. Wale watoto walimwita kutwa nzima, wakimpigia makofi, wakimshika kila upande. Akaacha kula. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta amejibana kati ya ukuta na pipa la maji.

"Watoto wanamupenda sana," jirani alisema kwa huzuni, "lakini yeye anatetemeka tu."

Nilimbeba mikononi hadi kwa daktari, nikilia njiani bila kuona haya. Kwangu nisingeweza kumweka: mama yangu ana pumu, na mwenye nyumba tuliyopanga hataki mbwa. Daktari naye alikuwa amechoka.

"Tumemujaribu mara mbili," alisema. "Kama hakuna muntu anayemutaka, tutamufuga hapa mpaka lini?"

Nilienda kumjazia ndoo ya maji.

Wiki hiyohiyo walikuja ndugu wawili, wanawake, na mbuzi aliyevimba mguu. Mkubwa alikuwa fundi wa kushona, mzaliwa wa Mpala. Surua ilimfanya kiziwi akiwa mtoto, na mdogo wake ndiye aliyemfasiria. Mdogo aliingia na daktari kumshika mbuzi. Fundi alibaki nje, akaketi juu ya kreti, akatoa nguo katika mfuko wake wa kazi na kuanza kukunja pindo kwa sindano.

Nilikuwa nafagia. Nikamwona mbwa anatoka chini ya mbao, hatua kwa hatua, tumbo karibu na ardhi. Aliketi mbele ya yule mama na kufuata mkono wake kwa macho, unavyopanda na kushuka na uzi. Fundi alimwona, lakini hakumnyooshea mkono. Aliendelea kushona. Baada ya muda alilaza kiganja hewani, taratibu, na mbwa akalala chini. Nikaacha kufagia.

Mdogo wake alipotoka, mikono ya wale wawili ilizungumza kwa haraka.

"Dada anauliza, mbwa huyu ni wa nani?"

Sikutaka kumdanganya. Nilieleza yote: anaogopa watu, amerudishwa mara mbili, na habweki hata kidogo. Fundi alitazama mikono ya mdogo wake mpaka mwisho, kisha akajibu. Mdogo akacheka.

"Anasema, hata akibweka, nitamusikia?"

Safari hii sikufanya haraka. Nilimwomba fundi aje kwanza, akae naye. Alikuja kila alasiri na kazi yake ya mkono. Siku ya nane aliposimama kwenda, mbwa alimfuata mpaka kwenye geti, akamtazama, akatoka naye barabarani bila kamba. Nilifurahi, na niseme kweli, niliona wivu. Miezi yote ile nilimpa bukari, ugali wetu wa huku, na dagaa, na hata mara moja hakula mkononi mwangu.

Baadaye nilipeleka kitenge kwa fundi. Mdogo wake alinisimulia kwamba maharagwe yaliwahi kuungua jikoni dada akiwa kwenye mashine ya kushona, akashangaa mbwa anamvuta gauni kwa meno. Alipofika jikoni, kitambaa karibu na jiko kilikuwa kimeshika moto.

Tulipokuwa tukiongea mbwa alikuja, akanusa pindo la sketi yangu, kisha akarudi kujilaza chini ya mashine. Niliumia kidogo. Fundi alinipima mabega, akanionyesha kwa vidole kwamba nimekonda, nami nikacheka. Mara mbwa aliinuka na kuweka pua kwenye goti la fundi. Fundi alivua utepe wa kupimia shingoni, akaenda mlangoni. Mteja alikuwa amesimama pale, ndiyo kwanza anainua mkono kubisha.