Sukari Tuliyomwekea Mchungaji

Akina mama vijana wa kanisa letu huja kuniuliza mchungaji hutunzwa vipi. Wananiuliza kwa sababu niliongoza kikundi cha akina mama miaka mingi, na wanadhani kuna hekima fulani nimeifungia kabatini. Sina. Niko na kisa kimoja tu, na kila nikikisimulia naona aibu kama siku ile ile.

Ilikuwa miaka ya sabini, huku upande wa Wamagana. Wakati huo sukari ilikuwa na tabia ya kupotea madukani. Inaweza kukaa wiki tatu bila kuonekana, halafu usikie imefika Nyeri mjini, na watu wanapanga foleni tangu asubuhi wakisukumana. Nyumbani tulikunywa chai bila sukari na tukazoea. Lakini sukari ya mchungaji haikukosekana. Kila nyumba ilikuwa na mkebe wake, umewekwa juu kabisa mahali watoto hawafiki, ukingoja siku atakayotutembelea. Mtoto akishikwa ameilamba alichapwa mara mbili, mara ya kwanza kwa wizi na ya pili kwa ajili ya kanisa.

Mchungaji alitembelea kila nyumba kabla ya Meza ya Bwana. Alisoma Neno, akaomba, kisha akaletewa chai, na nikisema chai simaanishi maji ya moto yaliyopakwa rangi. Maziwa yalikuwa mengi kuliko maji, na sukari vijiko vitano kwa kikombe, maana ukimpa mtu wa Mungu chai isiyo na utamu utamwangaliaje Jumapili? Baada ya chai kulikuwa na mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi na mboga, au viazi vitamu. Mgeni hakuinuka hivi hivi. Kwetu mtu akikataa kikombe chako amesema mojawapo ya mambo mawili: kwamba anakudharau, au kwamba umetia kitu ndani. Na hilo la pili amelisema mbele ya watoto wako.

Basi tukaletewa mchungaji kutoka Kianyaga. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, wa sauti ya chini, na mkewe alikuwa mshonaji wa nguo. Walikuwa na mabinti wanne. Mwaka wa kwanza alikunywa chai yetu yote na tukampenda sana. Mwaka wa pili akaanza maneno mengine. Akifika anasema leo ataomba maji tu. Nyumba hii maji, nyumba ile maji. Viazi alimega kipande akakizungusha kwenye sahani mpaka wakati wa kuondoka.

Wacha niseme sasa jambo ambalo mimi wakati huo sikulijua, ili mwogope mahali ambapo mimi sikuogopa. Yule mtu alikuwa na ugonjwa wa sukari. Daktari wa mbali alimwambia, akampa vidonge, akamkataza karibu kila kitu tulichokuwa tukimpa. Mkewe peke yake ndiye aliyejua. Walificha kwa sababu mchungaji wa ng'ambo ya pili alipougua kifua, wakubwa wa kanisa walimstaafisha, na kabla ya mwezi kwisha vitanda vya watoto wake vilikuwa juu ya lori, nyumba inapakwa rangi kwa ajili ya mwingine. Huyu wetu hakuwa na shamba wala nyumba mahali popote. Alikuwa na mabinti wanne shuleni na ile nyumba ya kanisa.

Siku aliyofika kwangu nilikuwa nimepanga foleni ya sukari Nyeri tangu asubuhi hadi saa nane, mguu umevimba. Nikamwekea kikombe mbele yake. Akanishukuru sana, akaomba maji. Nilimpa maji, nikatabasamu, nikamsindikiza mpaka kwenye lango, na niliporudi jikoni nikaimwaga ile chai kwa hasira hata paka akakimbia. Haki nilikasirika. Mkutano uliofuata wa akina mama nikasimama nikasema kwamba huyu mtu wa Kianyaga anatuona sisi wote ni wachawi.

Neno la namna hiyo halihitaji gari. Kabla ya Jumapili lilikuwa limefika kila jiko. Waliokuwa wakimpelekea kuni wakaacha, waliompelekea maziwa wakaacha, na kwaya ikaanza kuimba bila kumtazama. Wazee wa kanisa wakamwita kikao, na mimi nikaitwa niseme malalamiko ya akina mama.

Niliyasema vizuri sana. Nilisema hatuna haja ya mahubiri marefu, tunaomba jambo moja tu: arudi katika nyumba zote kumi na mbili za mtaa wetu, akae, anywe, ale, kama mtu anayekaa kati ya watu wake. Akikataa, wazee wawaandikie wakubwa barua kuomba mchungaji mwingine. Mchungaji aliuliza kwa upole kama anaweza kuomba katika nyumba hizo, kisha apewe chakula akakile nyumbani na watoto. Nikamwambia chai haibebwi mfukoni. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Barua ikienda, wakubwa wangeuliza kuna nini, na wakiuliza wangempeleka kwa daktari wao. Akasema ataenda.

Wazee wakaamua mimi nimtembeze, ili mambo yaende sawa. Nilijiona mtu mkubwa. Nilibeba mfuko wake wa Biblia nikatangulia njiani.

Siku ya kwanza tulimaliza nyumba nne. Habari zilikuwa zimetangulia, na kila mama alitaka awe ndiye aliyeombwa radhi zaidi. Vijiko vitano vikawa saba. Alikunywa akamaliza, wakamwongeza, akanywa. Siku ya pili nikaona anasimama kwenye kila kijito kunywa maji kwa kiganja, na baada ya hatua chache ananiomba radhi na kuingia vichakani. Nilimtania kwamba watu wa Kianyaga ni wa kunywa maji kama ng'ombe. Alijaribu kutabasamu, midomo yake imekauka na kupasuka. Nyumba ya nane alikosea mstari aliokuwa akisoma, akarudia, akakosea tena, akasema mwanga ni mdogo. Ilikuwa saa sita mchana na mlango ulikuwa wazi. Niliona hayo yote kwa macho yangu. Nikajiambia ni kiburi kinamtoka polepole.

Siku ya tatu tulianza na nyumba moja, kisha tukaja kwangu. Nilikuwa nimeiweka yangu ya kumi kwa makusudi, nyumba mbili zibaki baada yangu, ili nisionekane nimejipendelea. Watoto walikuwa wameoga. Mume wangu alivaa koti. Mchungaji aliketi akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Nikamimina. Aliitazama ile chai, akaniuliza kwa sauti ambayo mume wangu hakuisikia, "Mama, naweza kunywa nusu?"

"Nusu ni ya mtoto, mchungaji."

Akainywa yote. Nikamimina ya pili, akainywa. Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilisimama na birika mkononi nikiona kikombe kinainuka na kushuka, na moyoni nilikuwa nasema, umeona sasa, kumbe unaweza. Hiyo furaha naikumbuka kuliko kitu kingine chochote.

Hakufika mbali. Pale langoni, kwenye majani ya ng'ombe, alipiga magoti kama mtu anayetaka kuomba, kisha akalala ubavu. Nilipoinama kumshika, pumzi yake ilinuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Nilimwita, akafungua macho bila kuniona. Mume wangu alikimbia kutafuta gari, na mtu mwingine akakimbia kumwita mama mchungaji, yule mkewe mshonaji.

Alikuja mbio, utepe wa kupimia nguo bado uko shingoni. Hakulia. Alimshika mumewe kichwa, akamnusa mdomo, akaniuliza alikunywa vikombe vingapi.

Hapo mimi nikaelewa kitu kingine kabisa. Nikaona ananishtaki. Watu walikuwa wameshajaa langoni, majirani zangu wote, na yeye ananiuliza habari za vikombe. Nikainua mkono juu nikaapa. Niliapa kwa Mungu na kwa watoto wangu kwamba sikutia kitu chochote ndani ya chai ile isipokuwa sukari.

Mama mchungaji akaketi chini kwenye vumbi.

"Ndiyo hiyo inamuua, mama," akasema. "Ni hiyo sukari."

Mwalimu mmoja alikuwa na pikapu. Tulimlaza nyuma juu ya magunia, mkewe upande mmoja na mimi upande mwingine, na njia yote hadi hospitali mjini alinieleza mambo niliyowaambia hapo juu: vidonge, daktari, lori, vitanda vya watoto. Alieleza bila hasira, na mimi nilitamani sana anitukane. Nilimuuliza mbona hakuniambia, hata mimi peke yangu, kama mama kwa mama. Akanijibu kwamba mimi ndiye waliyekuwa wakiniogopa zaidi.

Siku tatu mchungaji hakutambua mtu. Nililala kwa dada yangu mjini na kila asubuhi nilisimama nje ya wodi. Siku ya pili akina mama wetu walifika kwa wingi, vikapu vichwani, chupa za chai kwapani, uji mtamu, mikate. Niliwazuia mlangoni. Wakaniuliza mimi ni nani wa kuwazuia, na ilikuwa ni haki yao kuuliza. Nikawaambia yote palepale, na daktari akipita na wagonjwa wakisikiliza: ugonjwa wake, mtu aliyeeneza neno la uchawi, mtu aliyesema nusu ni ya mtoto. Wengine walinitazama vibaya. Mmoja wao, mke wa mzee wa kanisa, alishika chupa yake akauliza, sasa tutamsaidiaje mtu asiyekula chakula chetu? Hakuwa anatania. Hatukuwa tumewahi kufikiri kuna njia nyingine. Wakaketi kwenye nyasi za hospitali, na nilipowaacha walikuwa wanajadiliana nani anajua bei ya vile vidonge, na nani ataenda kwa wakubwa kuwaambia kwamba tunamtaka huyu huyu, hata akiwa mgonjwa.

Siku ya nne aliamka. Mkewe akaniita niingie. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha tangu alfajiri, na nilipomwona na ule mpira wa dawa mkononi, uso umebaki mifupa, nikasogea kwanza karibu na kitanda.

Yeye ndiye aliyeanza. Alijaribu kuinuka kwenye mto, maana mgeni ameingia. Akaniomba msamaha kwa kuwaharibia watu siku. Akasema hajasahau kwamba nyumba mbili zimebaki, na kwamba akipata nguvu kidogo atazipitia, nisiwe na wasiwasi, atakaa na atakunywa. Mtu alikuwa ametoka kaburini, na bado alikuwa ananipa ripoti.

Nilishika chuma cha kitanda. "Mchungaji," nikamwambia, "kwangu unaweza kukataa. Kwangu na kwa wote. Ukisema hapana, ni hapana, na hakuna mtu atakuuliza."

Alimgeukia mkewe kwanza, akamtazama usoni, ahakikishe kwamba si mtego. Mkewe akaitikia kwa kichwa, na ndipo yeye akaanza kulia.